Flashi Moja ni Salama

Mtu akiniambia tena kwamba siku hizi simu inashika kila mahali, nitamvua viatu nimpeleke kwa miguu huko ninakotumwa. Miaka mingi nimetokwa jasho kwenye minara ya simu, ile ambayo sisi watu wa Eastlands hapa Nairobi tunaiita busta, kwa hivyo najua ninachosema. Kazi yangu ni kutengeneza jenereta zinazoendesha busta mahali ambapo stima haijafika. Sasa fikiria mwenyewe: busta ikiwa nzima, mimi naenda huko kufanya nini? Ninatumwa pale tu jenereta imekufa, netiwaki imekufa nayo, na watu wamenuna. Popote ninapotumwa hakuna netiwaki. Nilimweleza bosi wangu jambo hilo, pale kwenye karakana yetu Industrial Area, nikamwomba kampuni itupe ile simu ya setilaiti. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Wewe mtu wa netiwaki utakosaje netiwaki?"

Maneno niliyokuwa nayo mdomoni yangenifukuzisha kazi, nikayameza, nikafunga mkoba wangu wa vifaa.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alitoka kwetu magharibi akiwa kijana, akapewa kazi ya ishara, ya bendera na taa, na akastaafu akiwa hapa hapa Makadara. Mpaka leo anaamini kwamba maneno mengi ndiyo yanayogonganisha treni. Simu yake ni mulika mwizi, ile ndogo yenye tochi, na ukimwambia habari za WhatsApp anakuuliza kama umekosa kazi. Yeye ndiye aliyetutungia sheria ya flashi. Unapiga, simu ya mwenzako inalia mara moja, unakata kabla hajashika. Flashi moja: tumeamka salama, endelea na shughuli zako. Flashi mbili: piga ukipata nafasi. Flashi tatu mfululizo: acha kila kitu. Dunia nzima ilihamia kwenye bando na video, sisi tukabaki na flashi.

Na flashi moja haijibiwi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kubwa. Siku moja nilijitia wema nikampigia baada ya flashi moja, akanishukia kama mwewe. "Nimekwambia niko salama, unataka nini tena? Kwani wewe ni daktari?" Sikurudia.

Nyumbani kwa baba anakaa pia ndugu yangu mdogo. Mama alishafariki, mimi ninakaa peke yangu bloku mbili kutoka hapo, maana mke wangu aliondoka zamani na sababu zake anazijua yeye. Huyu ndugu yangu ana miaka thelathini na kitu. Asubuhi anasimama kwenye geti za viwanda akisubiri kuchaguliwa kibarua, akikosa anarudi kupiga domo na vijana wa mtaa kwa Sheng ambayo hata mimi niliyezaliwa hapo siielewi nusu. Nasema wazi: sikuwa namheshimu. Nilimwona mzigo, na nilimwambia hivyo mara nyingi, mbele ya watu.

Siku ile naondoka kwenda kaskazini, mbele kabisa ya Marsabit, nilipitia kumuaga baba. Ana ugonjwa wa sukari, na kiatu kilikuwa kimemchubua kidole cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo lakini sikupenda rangi yake.

"Huyu mzee apelekwe kliniki kesho," nilimwambia ndugu yangu. "Asipopelekwa utanitambua."

"Sawa, bro. Acha presha."

"Usiniambie niache presha! Wewe ndiye presha yenyewe!"

Baba akaniambia nipunguze sauti, majirani wanasikia. Nikamwambia majirani wazibe masikio, nikaenda zangu.

Huko nilikotumwa, jenereta ilikuwa imekula pampu ya dizeli na ile pampu mpya niliyopewa ofisini haikuingia. Mtu fulani ofisini alikuwa amesoma namba vibaya, na huyo mtu yuko kwenye kiti chake mpaka leo. Ikabidi nisubiri nyingine ije na lori. Mlinzi wa ile busta, mzee mmoja mwenye hasira kunishinda, alinionyesha mahali pa kupata netiwaki: nusu saa kwa miguu kuna kilima, juu ya kilima kuna jiwe, na ukisimama juu ya jiwe unapata makombo ya busta nyingine ya mbali. Jiwe aliliona ni lake. Nikichelewa kushuka ananirushia maneno, nami namrudishia. Ukipiga, simu inasema hakuna mtandao. Ukiandika ujumbe, unazunguka pale pale mpaka unachoka. Lakini mara moja moja kitu kinaingia.

Asubuhi ya kwanza nikiwa pale juu, simu ya baba ikaingia. Ikalia mara moja, ikakatika. Moyo wangu ukatulia. Flashi moja, wameamka salama. Asubuhi ya pili tena, mara moja, ikakatika. Ya tatu vilevile. Nilijisikia vizuri sana, nasema ukweli, nikamringia hata yule mlinzi. Nikamwambia baba yangu ni mgonjwa lakini ni mtu wa utaratibu, kila siku ananijulisha kwamba yuko sawa, na wala hahitaji maneno. Mlinzi akasema, "Basi shuka, na mimi nina watoto."

Siku ya nne pampu ikafika. Nilifanya kazi kama punda, na saa tisa alasiri jenereta ikanguruma, taa za busta zikawaka. Nilikuwa nimekaa chini nikifuta mikono grisi. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni na haikuacha. Jumbe kumi na nne, zote za ndugu yangu, kwa ile Sheng yake: mzae ni baba, hosi ni hospitali.

"Bro mguu ya mzae imekuwa black. Tuko hosi. Piga."

"Mbona hupatikani? Nakupigia na simu ya mzae, inalia mara moja inakatika."

"Daktari anasema lazima wakate before sumu ipande juu. Mzae amekataa kusaini. Anasema hadi wewe mkubwa useme."

"Bro aki piga. Anauliza atazikwa aje nusu."

Mwingine ulikuwa na neno moja tu, jina langu. Wa mwisho ulikuwa wa siku hiyo asubuhi: "Amesaini. Wameingia na yeye thieta ya operesheni." Baada ya hapo, kimya.

Nilisoma ule wa pili tena. Inalia mara moja inakatika. Ala! Hakuna aliyekuwa ananiflashi. Ndugu yangu alikuwa anapiga simu ya kweli, siku tatu, netiwaki inamkata kwenye mlio wa kwanza, na mimi nimesimama juu ya jiwe nikitabasamu kama mjinga. Mwingine yeyote angeona simu ya nyumbani imekatika angehangaika kuirudisha hata kwa kupanda mti. Mimi nilifunzwa kutojibu. Nilimtukana bosi, nikamtukana aliyesoma namba vibaya, nikamtukana baba na bendera zake za reli. Nilijitukana mimi kwa lugha ya mama, maana Kiswahili hakikunitosha.

Nikampigia ndugu yangu. Mteja hapatikani. Nikapiga ya baba. Mteja hapatikani. Netiwaki imejaa tele, vijiti vyote vimesimama, nimeileta mwenyewe kwa mikono yangu, na hakuna mtu wa kuongea naye! Jioni hiyo hiyo nilidandia lori lililoleta pampu. Safari ilichukua siku mbili, na kila mji tuliopita nilipiga, na kila mji yule mwanamke wa kwenye laini aliniambia kwa adabu yake ile ile kwamba mteja hapatikani. Nilijiuliza swali moja tu njia nzima: baba yuko hai au nakwenda kuzika?

Nilifika hospitalini na grisi yangu na vumbi langu. Baba alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto, anakunywa uji. Upande wa mguu wa kushoto, blanketi lilikuwa limelala bapa kuanzia gotini kushuka. Nilishika kile chuma cha kitanda.

"Umefika, mwanangu," akasema. Macho yake yamefifia kwa sukari, alinitambua kwa mwendo. "Njoo hapa. Nataka kukushukuru."

"Kunishukuru kwa nini, baba?"

"Kwa kupiga simu. Sauti ilikuwa inakatikakatika, lakini nilikusikia vizuri. Mimi nilikuwa nimekataa kabisa. Daktari ananiambia hivi, mchungaji ananiambia vile, nikasema hapana, nina mtoto mkubwa, yeye ndiye atakayenizika, aseme yeye. Ukapiga, ukasema nisaini. Wanasema siku moja zaidi ningekuwa mochari."

Ndugu yangu alikuwa amesimama dirishani na lile shati alilovaa siku nilipoondoka. Hakunitazama.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Niliketi mpaka alipolala. Kisha nikamshika ndugu yangu mkono wa shati, nikamtoa nje mpaka kwenye ngazi, na nilikuwa tayari kumzaba kofi hata sijui la nini. La kuniibia sauti. La kuwa pale wakati mimi sikuwapo.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Ni mimi."

Alinieleza pale pale kwenye ngazi, kwa sauti ya chini. Daktari alikuwa amesema mwisho ni saa sita mchana. Simu zote mbili zilikuwa zinakaribia kuzima kwa kunipigia mimi, na wodini hakuna mahali pa kuchaji. Akampa baba ile mulika mwizi, akamwambia kaka atapiga sasa hivi, akatoka mpaka kwenye ngazi hizo hizo, akapiga kwa simu yake akijifanya mimi. Baba hasomi tena namba kwenye kioo. Sauti zetu zinafanana, tangu zamani watu wanatuchanganya.

"Unamdanganya mzazi mgonjwa?" nikamwambia. "Huna hata aibu?"

"Ningefanya aje, bro? Ungenishauri, lakini hukuwapo."

Nikatafuta la kumkosoa. Nikamwambia baba si mjinga, amenizaa, ananijua, aliamini vipi kwamba ni mimi.

Ndugu yangu alisugua macho. Alikuwa hajalala siku nyingi, sasa niliona.

"Mwanzoni hakuamini," akasema. "Nilianza polepole. Nikamwambia, baba pole, najua unaogopa, hata mimi naogopa, tafadhali saini tukuone tena. Halafu akauliza, wewe ni nani?"

"Ukasemaje?"

"Nikaona dakika zinaisha. Nikamfokea. Nikamwambia aache ujinga, asaini hiyo karatasi, asinisumbue kazini." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Hapo ndio akasema, haya mwanangu, nimekusikia."