Meza Inayotazama Upande Mmoja

Mbunifu mkongwe wa samani za ofisi hamwelewi dada waliyeletewa mwaka huu. Dada huyo hachori meza kabla hajakalia kiti cha kila mfanyakazi. Anavua viatu, anakaa, anafumba macho, kisha anapapasa chini ya meza kama mama anayepima homa ya mtoto. Halafu anakatakata maboksi, anayatandaza sakafuni yawe meza, na kuyasogezasogeza kwa kidole cha mguu huku akiguna. Maboksi, jamani. Mkongwe ana michoro safi ya kompyuta, meza za kuunganisha na kutenganisha upendavyo, lakini wateja wanaiangalia, wanasema nzuri, kisha wanauliza yule dada yuko wapi. Roho inamuuma mpaka chai inamkinaisha.

Jana bosi aliagiza chumba chao nacho kipangwe upya. Mkongwe akarudi kutoka msalani, akamkuta dada kwenye kiti chake, miguu peku, akifumbua macho taratibu.

“Kaka, ukikaa hapa huoni dirisha wala mlango. Unaniona mimi tu. Nani alikupangia hivi?”

Mkongwe alikuwa ameisukuma meza hiyo mwenyewe, wiki ile dada alipoanza kazi.

“Mafundi,” akajibu.