Majina Kumi Aliyoyafuta Tumainieli

Katika ofisi ya chama chetu cha wamwagiliaji, huku tambarare ya Kihurio, kulikuwa na sheria moja: jina la mkulima halifutwi mpaka mwenyewe aulizwe. Tumainieli aliijua, na aliivunja.

Alikuwa karani wa shamba la mkonge hadi lilipopata mwenye mali mpya na watu wakapunguzwa. Kiinua mgongo alikitumia kusomea kompyuta Moshi. Mwaka 2007 chama kikamwajiri atunze orodha ya wakulima, ili kila mmoja apelekewe ujumbe wa simu zamu yake ya maji inapokaribia. Akosaye zamu husubiri wiki mbili. Kazi aliiweza, ila alimwonea wivu Eunike, mtunza daftari, kwa sababu watu walimwamini.

"Shikamoo, mama Ndaskoi. Karibu nikusaidie," Tumainieli alimwambia mkulima aliyeingia siku moja.

"Marahaba, mwanangu. Eunike yuko wapi?"

"Amekwenda Same mpaka kesho. Lakini kila kitu kimo humu kwenye kompyuta."

"Hiyo hailijui shamba langu. Nitarudi kesho."

Siku hiyo Tumainieli alikuwa akisafisha namba za simu. Ziliandikwa kila namna: hii inaanza na sifuri, ile na 255, nyingine zina nafasi na vistari katikati. Kwa amri chache za SQL, lugha ya kuagizia orodha za kompyuta, aliondoa nafasi na vistari, na sifuri ya mwanzo akaigeuza 255. Namba zote zilipolingana, jambo likajitokeza: wakulima kumi na mmoja walikuwa na namba moja.

Alikwenda kwa katibu, Hezroni, uso umemng'aa.

"Mzee, daftari la Eunike lina wakulima hewa kumi!"

"Umemwuliza?"

"Nimwulize ili ajipange?"

"Mwulize kwanza, bwana."

Tumainieli alirudi mezani akaandika DELETE, amri ya kufuta, akabakiza jina moja tu. Nakala hakuweka.

Siku kumi baadaye Ndaskoi aliingia ofisini na miche ya mpunga iliyokauka mkononi. "Zamu yangu imepita. Mbona sikuambiwa?"

Eunike aligeuka. "Kaka, umeifanyia nini namba ya Isihaka?"

"Isihaka gani?"

"Mwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya mfereji. Kule mwenye simu ni yeye tu. Ujumbe ukiingia, anamwita kila mtu kwa jina lake. Ungeniuliza, ningekujibu kabla chai yako haijapoa."

Wapo waliosema wivu ulimpofusha. Mimi sikubali. Aliona vizuri kabisa, akachagua kutouliza, kwa sababu alitaka Eunike awe mwizi.

Eunike alimsomea majina kumi kutoka daftarini, naye akayaingiza upya, moja moja, Ndaskoi akiwa amesimama pale pale.

Kaya kumi hazikuvuna mpunga msimu ule. Tumainieli alipoteza kazi kwa mara ya pili, na safari hii hakupewa kiinua mgongo.