Chupa ya Dawa ya Mbuzi

Juzi, nikipita duka la dawa za mifugo, harufu kali ilinirudisha utotoni, mtaani Waberi, kwenye nyasi za jirani yetu Mwalimu, mtu aliyehamia kutoka Ziwani.

Alasiri ile alikuwa amezimwagilia maji, akachuchumaa akiokota nyungunyungu na kuwatia kwenye kopo, huku akiimba. Mimi niliingiwa na hofu. Kwetu mbuzi akitoa minyoo ni mgonjwa, na hapa ardhi nzima ilikuwa inatoa. Mbona huyu anaimba?

Alipoingia ndani kunywa chai, nilikimbia nyumbani, nikachukua dawa ya mbuzi ya Hooyo, mama yangu, nikaimwaga chupa nzima juu ya nyasi, na ndani ya kopo pia.

“Mwalimu, nimetibu nyasi zako,” nilimwambia kwa fahari alipotoka.

Alichungulia kopo, akakaa chini. “Mwanangu, sasa samaki wangu watakula nini?”

Leo najua chambo ni nini. Lakini nyumbani kwetu samaki hakuwa akiliwa, na siku ile sikuelewa kitu. Nilitazama upande wa mto uliopita karibu na kwetu, nikamwonea huruma mfugaji mwenzetu.

“Mwalimu,” nikamuuliza, “na jioni nani anawarudisha nyumbani?”