Mumi Katika Mtumbwi wa Kukamulia Ndizi

Mimi ni mtu wa Bilele, mjini Bukoba, na kwetu huendi ukweni mikono mitupu. Nilipoolewa Muleba, miaka ile ya Ujamaa, nikapangiwa kufundisha shule ya huko huko, nilitaka wakwe wanione mtu. Nikaenda sokoni nikanunua kambare hai, mumi wa bonde la mto Ngono, mrefu kama mkono wangu. Nikamtia kwenye debe lenye maji kidogo, nikafunika gunia. Njia nzima alipiga debe lile kwa mkia, abiria wakinigeukia, na mimi kichwa juu.

Mume wangu alikuwa karani mjini, angenifuata mwisho wa mwezi. Angekuwepo angenizuia. Baba yangu alikuja Bukoba kutoka Tanga, na nyumbani hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba kabla ya kuingia katika ukoo wa watu unauliza kwanza hawali nini.

Baba mkwe alifunua gunia mwenyewe. Akarudi nyuma hatua mbili, akavua kofia.

"Huyu haliwi hapa," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza. "Ni muziro wetu. Tangu mababu, ukoo huu na mumi hatulani."

Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, alimtazama samaki, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Kumuua ilikuwa mwiko. Kumpa jirani ilikuwa sawa na kumuua. Ilibidi arudishwe Ngono alikotoka, lakini mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na kesho yake tukasikia daraja limekatika na magari yamesimama, hata mume wangu asingeweza kuja. Baba mkwe akaniita.

"Umemleta wewe, utamlea wewe," akasema. "Ila asife, mwanangu. Muziro ukifia uani kwangu, na aliyeuleta ni bibi harusi, watu wa ukoo nitawaambia nini?"

Nikaelewa. Pumzi ya samaki yule ndiyo ilikuwa ndoa yangu.

Chombo cha kumtosha kilikuwa kimoja tu, ule mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, uliolala nyuma ya nyumba. Tukausugua, tukaujaza maji ya mvua, mumi akaingia kama mwenye nyumba. Siku ya kwanza nilimwona akipanda juu kila baada ya muda, anabugia hewa, anashuka. Nikadhani anakata roho. Nikaketi pale nikimpepea kwa jani la mgomba, mimi mwenye cheti cha ualimu, na somo langu sayansi! Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba kambare ana kiungo juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi, na ndiyo maana debe halikumuua.

Kumbe mimi ndiye niliyekaribia kumuua. Wiki ya kwanza nilimwaga maji yote, nikajaza mapya ya chemchemi, baridi kweli kweli. Akalala ubavu. Nami sikula siku ile, nilishinda nimemwinamia nikimbembeleza kama mtoto mwenye homa. Alipoinuka jioni nililia kwa furaha. Tangu hapo nilipunguza theluthi tu ya maji, nikaongeza yaliyokwisha shinda juani. Chakula kilikuwa minyoo ya kwenye kibanja, chini ya nyasi tulizotandaza migombani, na siku nyingine utumbo wa mbuzi uliokatwa vipande vidogo. Kidogo kidogo, maana kinachobaki kinaoza. Mchana alijibanza kivulini. Jioni aliamka, akapapasa mbao kwa zile sharubu zake nane, na mnyoo akaujua kabla macho yake madogo hayajauona.

Nikamwonea huruma ya upweke. Nikamletea visamaki vinne vya kumchangamsha. Asubuhi nikamkuta peke yake, kanenepa, katulia, hana hata haya.

Siku moja mvua ikanyesha mpaka mtumbwi ukafurika. Nikatoka shuleni, mumi hayupo. Nikakimbia kibanja kizima nikipekua nyasi, na huko chini nikamkuta baba mkwe amesimama, analoa chapachapa, mwavuli wake ameuinamisha juu ya kitu. Alikuwa mumi, anajikokota kwenye tope kwa miiba ya mapezi yake, anakwenda zake.

"Tata," nikasema, "huyo mvua haimdhuru."

"Najua," akanijibu. "Lakini nitafanyaje, na mimi kumshika siwezi?"

Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Tangu siku ile mtumbwi ulifunikwa mbao, na mawe juu yake.

Aliyebaki kuniumiza roho alikuwa mama mkwe. Mtumbwi hakuukaribia. Alizunguka mbali, uso kautupa upande wa pili, na mimi aliniita "mwalimu" tu, kama mgeni wa serikali. Nikajua hanitaki. Kisha senene, wale panzi wa kuliwa, wakaanguka, na alasiri moja nikamkuta amechuchumaa mtumbwini, ananyonyoa senene wa mumewe na kumtupia mumi mmoja mmoja. Aliponiona akainuka haraka.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

Hatimaye daraja likatengenezwa, tukapata nafasi kwenye lori la kahawa la ushirika, mimi na mama mkwe, mumi ndani ya debe lake. Tulishuka, tukatembea hadi Ngono, nikainamisha debe majini. Alitulia kidogo penye matete, akabugia hewa mara moja, akazama. Alikuwa amenona kuliko nilivyomnunua. Nikalia, sikuona aibu.

Mama mkwe akakaa kwenye nyasi, akashusha pumzi ndefu, halafu akaanza kucheka peke yake.

"Unajua kwa nini sikuwa naukaribia ule mtumbwi?" akaniuliza.

"Kwa sababu nilikukosea, mama."

"Umenikosea nini? Mimi si wa ukoo ule, nimeolewa tu kama wewe. Kwetu mumi tulimla. Mama yangu alimkausha kwa moshi, akampika na karanga. Tangu niolewe sijamwonja. Wewe ukamleta mzima mpaka mlangoni! Nilikuwa nayaogopa mate yangu."

"Na senene je?"

"Nilikuwa namwomba msamaha, kwa yale niliyokuwa nayawaza."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akatazama huku na huku, ingawa palikuwa na matete matupu.

"Mukamwana," akaniita, na ndiyo mara ya kwanza kuniita mke wa mwanawe, "utakapokwenda Bilele kumsalimia mama yako, tutakwenda wote. Mwambie apike mumi. Na Tata asijue."

Tulikwenda mwezi uliofuata. Alikula mpaka akalamba vidole.