Sale Kwenye Gurudumu la Mbele

Mwezi uliopita nilipeleka baiskeli ya mwanangu kwa kijana mmoja anayeuza na kutengeneza baiskeli pale Moshi mjini. Gurudumu la mbele lilikuwa limeanza kuyumba, na likizunguka linatoa sauti kama mtu anayetafuna mchanga. Kijana alilinyanyua, akalizungusha mara moja, akasikiliza kwa muda ule ambao daktari wa siku hizi humsikiliza mgonjwa, yaani mfupi sana.

"Habu imekufa, mama."

"Si ubadilishe gololi, utie na grisi?"

Akanitazama kwa huruma. "Hii haifunguliwi, mama. Unabadilisha gurudumu zima. Nikupe la rangi gani?"

Nikachagua jekundu. Ningefanya nini? Mimi ni mtu wa chuo kikuu. Nimeandika makala ndefu kulaumu tabia yetu ya kutupa vitu, na sijui kuziba pancha. Nilichoweza ni kuomba ile habu mbovu, hicho kitovu cha gurudumu ambako spoki zote huanzia, nikaitia mkobani pamoja na miwani yangu. Njia nzima ya kupanda Kibosho nikawa naizungusha kwa kidole: krr, krr, krr. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimesharudi utotoni.

Watu wa nchi tambarare hushangaa kusikia kwamba Kibosho tulikuwa na baiskeli. Lakini tulikuwa nazo, na tuliheshimiana nazo. Baiskeli ya mlimani ina mkataba wake: kuteremka inakubeba, kupanda unaibeba. Ya Babu ilikuwa nyeusi, ndefu, na breki zake za vyuma zilipiga kelele mpaka kuku wa majirani wakazizoea. Kila asubuhi, kengele ya parokia ikishalia, Babu alifunga madumu ya maziwa kwenye keria, akafanya ishara ya msalaba, akajiachia. Tulisikia breki zikilia kona baada ya kona, zikififia, mpaka sauti ikamezwa na migomba.

Kazi yangu ilikuwa jioni. Nikitoka shule nilimsubiri darajani, chini ya mlima wa mwisho. Babu alivuta usukani, mimi nikasukuma keria, na madumu matupu yakagongana katikati yetu. Mfukoni mwake hakukosa andazi, na siku zote lilikuwa na harufu ya maziwa na jasho. Nimekula maandazi katika hoteli zenye vitambaa vyeupe tangu hapo. Hayafiki.

Hiyo ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozaliwa wakati wa foleni za sabuni tulikwenda mjini kutazama rafu kama watu waendao kutazama treni. Nguo za mitumba zilikuwa zimefika mpaka minada ya mlimani, na padre alihubiri mbele ya waumini waliovaa fulana za timu wasizozijua. Kahawa, kwa upande wake, ilikuwa imeanza kuwa mti wa kumbukumbu. Wazee waliipogoa kwa mazoea tu. Nyumba yetu iliishi kwa maziwa, na maziwa yaliishi kwa baiskeli.

Sasa nikujulishe jirani yetu. Alikuwa mdogo wake Babu, tumbo moja, nasi tulimwita Babu Mdogo. Alikuwa mhunzi, mtu wa kelele na majigambo. Alinoa mapanga, alitengeneza majembe, na alikuwa fundi pekee wa baiskeli upande wetu wa korongo. Kihamba chake na chetu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, vilitenganishwa na safu ya masale tu. Unayajua masale: mmea wa majani marefu ya kijani ambao sisi huupanda mipakani. Jani hilohilo ukilifunga fundo na kumpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukukatalia msamaha. Kwetu mpaka na msamaha vilichumwa kwenye shina moja.

Na mwaka ule, kwenye safu ile, hakuna aliyechuma kitu. Babu na Babu Mdogo walikuwa hawasemezani, na sababu ilikuwa kidari cha mbuzi.

Katika ukoo wetu, mbuzi wa Krismasi akichinjwa, kidari chake kilikuwa haki ya mdogo mtu. Krismasi iliyotangulia, Baba Mdogo, yaani mdogo wa baba yangu aishiye Dar es Salaam, alikuja na marafiki na kreti za bia. Wakati wazee wako kanisani, alikichoma kile kidari akawakatia wenzake. Babu alipogundua aliona aibu, lakini aibu yake ilikuwa ya mtu mkubwa: badala ya kuomba radhi alipeleka mguu mzima wa mbuzi, ulio mkubwa kuliko kidari. Tuliukuta jioni umetundikwa kwenye masale, upande wetu. Babu Mdogo aliongea akiwa shambani kwake, kwa sauti ya kusikika parokiani: "Nyama hata bucha wanayo!"

Basi. Mwaka ukapita. Wakikutana kanisani mmoja alitazama dari, mwingine viatu.

Ndipo habu ya gurudumu la mbele ikaanza kulia. Kwanza krr ya chini kwa chini, kisha gurudumu likawa linatikisika, mpaka Babu akawa anateremka mlima kama mtu aliyepanda ngamia. Fundi alikuwa hatua chache tu, nyuma ya masale. Babu akampitia na kuvumilia. Baba Mdogo aliposikia akaagiza kutoka Dar, "Tupeni hiyo, nawaletea mpya." Ikaja kweli, imefungwa katika karatasi ya mafuta, inang'aa kama kikombe cha komunyo. Tukaizunguka wote. Babu akaiweka juu ya gurudumu kuipima. Matundu yake ya spoki hayakulingana na ya rimu yetu. Kuifunga ile habu kulihitaji rimu mpya, na rimu mpya spoki mpya, na ukiendelea na hesabu hiyo unafika kwenye baiskeli mpya. Bibi akaipokea, akaiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya picha ya Mama Maria. Ilipendeza.

Mwanzoni mwa Desemba gurudumu lilikwama kabisa. Babu akaanza kuteremka kwa miguu, dumu moja kila mkono, na goti lake halikuwa la kazi hiyo. Maziwa mengine yaliganda njiani. Tulikunywa mtindi mpaka paka akachoka.

Lakini Bibi hakuogopa sana baiskeli. Aliogopa Krismasi. Mbuzi asingechinjwa bila mdogo mtu kuwapo, na Bibi alikuwa na msemo wake: "Ugomvi ukila Krismasi mbili, unakuwa mtu wa nyumbani." Alijua familia zilizofika huko. Watu wale walizikana kwa kutumwa, kila upande ukileta mwakilishi.

Asubuhi moja, Babu alipokwisha kupotea na madumu yake, Bibi aliniita. Tukaipindua baiskeli kichwa chini, tukahangaika na spana mpaka gurudumu la mbele likatoka. Akaingia sebuleni, akatoka na ile habu mpya, akaitia kwenye kikapu. Kisha akaenda mpakani, akakata jani moja la sale kwa kisu cha kumenyea ndizi, akalifunga fundo, akalipenyeza kati ya spoki.

"Akikuuliza nani kakutuma, sema nyumbani."

"Nyumbani nani, Bibi?"

"Nyumbani hakuna nani. Nenda."

Nikalisukuma gurudumu, kikapu begani. Babu Mdogo alikuwa ananoa panga. "Shikamoo, Babu Mdogo."

"Marahaba, mke wangu," akajibu, kwa ule utani wa mababu na wajukuu. "Leo umepotea? Mpaka uko kule." Akaonyesha masale kwa kidevu. Kisha akaona jani.

Panga likawekwa chini. Akafuta mikono kwenye suruali, akaitazama, akaifuta tena. Akalichomoa sale kwa mikono miwili.

"Nani kakutuma?"

"Nyumbani."

"Nyumbani," akarudia taratibu. Akaligeuza lile fundo, akalitazama kwa muda, akalitia katika mfuko wa shati. Halafu, kama mtu aliyefunguliwa bomba, akaanza kulitukana gurudumu. "Hebu tazama kaka yangu anavyotesa chuma! Grisi hii aliitia wakati wa mkoloni? Hizi ni gololi au punje za mahindi? Leta kikapu. Kha! Na hii ya kung'aa ni ya nani?"

"Ya Baba Mdogo. Kutoka Dar."

"Yule mla vidari." Akaifungua papo hapo. "Habu yenyewe bure. Ila gololi zake ni nzuri. Tutazichukua, iwe faini."

Nilishinda pale siku nzima nikipuliza mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Vikombe vya ndani ya habu, mnamopita gololi, vilikuwa vimechimbika. Akavigonga vikatoka, akatia vingine kutoka baiskeli iliyokufa zamani. Vilikuwa vinalegea, akakata utepe wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia na kuvikaza nao. Koni, ile nati inayobana gololi, ilikuwa imeliwa upande mmoja. Akaisugua kwenye jiwe mpaka ikawa laini, akaifukia katika udongo pamoja na unga wa kwato zilizochomwa, akaitia motoni. "Chuma kikisuguliwa kinabaki laini kama mtoto wa mjini," alisema. "Kwato zinakirudishia ngozi." Ilipoiva akaitumbukiza kwenye oili chafu, ikapiga mluzi, na moshi wake ulinuka kama ng'ombe aliyeungua. Harufu ile naijua hadi leo.

Babu alirudi jioni akaikuta baiskeli imeinamia uma wake kama mbuzi aliyepiga magoti. Bibi alinisimulia baadaye. "Gurudumu liko wapi?" "Limekwenda kutembea." Toka nyuma ya masale ilisikika nyundo: to, to, to. Babu akakaa kwenye kigoda chake, akasikiliza, wala hakuuliza tena.

Kesho yake, tukiwa hatujanywa chai, Babu Mdogo akapenya kwenye masale. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Mkono mmoja ulisukuma gurudumu, na mfukoni mwa koti, mahali pa leso, lilichungulia sale.

"Kaka," akasema. "Nimepokea."

Bibi alikuwa anamenya ndizi mshare za mtori, na sijamwona mtu akimenya ndizi kwa bidii ile. Mimi nilishika mlango. Kama Babu angesema "Umepokea nini?" yote yangekwisha. Sale lingekuwa uongo, na sale likishakuwa uongo, ni nani angelipokea mara ya pili?

Babu alilitazama jani. Akautazama mgongo wa Bibi. Akalitazama jani tena. Kisha akanyoosha mkono, akachukua gurudumu, akaliinua kwa ekseli na kuliacha. Likajizungusha lenyewe, polepole, kwa uzito wa ile pua ya kujazia upepo peke yake, likaenda, likarudi, pua ikatulia chini kabisa. Hakuna krr. Kimya kama maziwa yanayomiminwa.

"Linalia bado," akasema Babu.

"Halilii."

"Kidogo."

"Masikio yako ndiyo yanalia, kaka. Hayo sina gololi zake."

Babu akacheka kwa pua. "Mbuzi yuko nyuma ya zizi," akasema. "Njoo umwone kama atafaa."

Krismasi ile kidari kilivuka masale juu ya sinia, kimefunikwa kitambaa cheupe, na aliyekibeba, kwa amri ya Babu, alikuwa Baba Mdogo mwenyewe, akitembea kama mtumikiaji wa misa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa pande zote mbili. Na ile habu iliteremka na kupanda mlima miaka mingi baadaye, na bati lake la kopo, na gololi zake za Dar.

Babu alifariki nikiwa chuoni. Baada ya maziko nilikaa na Babu Mdogo, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma nikajiona nina wajibu wa kusema ukweli. Nikamwambia kwamba lile sale halikutoka kwa Babu.

Alinitazama kama yule kijana wa baiskeli alivyonitazama juzijuzi. "Mke wangu, lile lilikuwa fundo la bibi yako, la kufungia majani ya ng'ombe. Marehemu alikuwa hawezi kufunga hata kiatu chake."

"Ulijua? Na Babu?"

"Alijua alipoliona mfukoni mwangu."

"Sasa kwa nini ulipokea?"

"Sale haliulizwi limetoka mkono gani," akasema. "Nilikuwa nalingoja mwaka mzima."

Naye hayupo tena, wala Bibi. Baiskeli ilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, wakaipima kwa kilo. Mpakani pana ukuta wa matofali ya saruji, mrefu, wenye vipande vya chupa juu. Hakuna aliyegombana. Tunapendana sana na watu wa upande wa pili, na kwenye kundi la simu tunatumiana maua kila asubuhi. Ni kwamba mtoto wa kwetu leo hana mahali pa kupenyea na gurudumu.

Siku ile nilifika nyumbani na habu mbovu mkobani, nikaiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Kisha nikatembea kando ya ukuta kutafuta masale. Yaling'olewa msingi ulipochimbwa. Niliyakuta mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba, tulipoyapanda kwenye makaburi yao watatu. Yameota vizuri, yamenizidi urefu. Sikuchuma. Sikuwa nimegombana na mtu, angalau siku ile. Nilikwenda tu kuhakikisha kwamba yapo.