Karatasi ya Waridi Kwenye Miiba

Harufu ya mchanga uliolowa bado hunirudisha mtoni kwetu, karibu na soko la Tulia. Kwa asiyeijua mito yetu ya Ukambani, mingi haina maji ya kuonekana: juu ni mchanga mtupu, maji yamejificha chini yake. Unachimba, unangoja matope yatulie, kisha unachota polepole kwa kata. Kisima cha mama kilisifika kwa utamu. Alikizungushia matawi ya miiba kuzuia mbuzi na punda, nasi tukaamini hakuna kingine cha kuogopa.

Likizo ile ya Desemba, hata hivyo, sikukithamini. Mutheu, binti ya mjomba, alikuja kutoka mjini, huko juu mto unakoanzia, na wivu ukanikaa kooni kama punje ya mahindi makavu. Kwao kulikuwa na choo cha kuvuta maji na karatasi laini za rangi ya waridi. Kwetu kulikuwa na shimo, nzi, na vipande vya gazeti kwenye msumari. Kila alipotoka humo ameziba pua, nilitamani ajikwae.

"Choo chetu unavuta tu, shwaa!" alinitambia.

"Halafu karatasi inaenda wapi?"

"Wee Mwikali, kwani ni lazima iende? Inaisha!"

Inaisha! Nililala nikilitamani neno hilo kuliko viatu vyake. Mama aliniona nilivyonuna, akaniambia nisiache mbachao kwa msala upitao. Nilidhani anajifariji tu.

Kisha mvua ikanyesha mjini, mvua ya kuangusha kuta. Asubuhi tulishuka mtoni sote watatu na harufu ikatupokea kabla ya mto. Povu la kijivu lilikuwa limefunika mchanga, kisima kimejaa tope jeusi. Kwenye miiba ya mama, ile ya kuzuia mbuzi, ilining'inia karatasi ya rangi ya waridi. Mama aliitoa kwa kijiti.

"Mutheu mwanangu, hii si ya kwenu?"

Mutheu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Kumbe haikuisha," nikasema, na kwa kitambo wivu wangu ukashiba. Halafu nikamwona mama ameketi juu ya mtungi mtupu, ameshika kidevu.

Leo naweza kueleza kilichotokea. Bomba la maji taka lina kipimo chake kama tumbo. Maji ya mvua yakiingia humo kwa wingi, hujaa, mfuniko hunyanyuka barabarani, na uchafu hushuka bondeni kutafuta mto. Msimu ule mama alichimba upya kwenye kijito kitokacho mlimani, penye mawe, mikono ikimtoka malengelenge.

Sasa ni mimi ninayeishi mjini, na choo changu na karatasi zangu. Mvua ikipiga bati, humpigia mama simu.

"Mwaitu, huku kumenyesha sana. Msichote maji ya mto mkubwa."

Mama hucheka. "Kwani leo mmetutumia nini? Mimi nimeshachota kijitoni. Matamu kama sukari!"

Bomba la jikoni kwangu, wakati huo, linakohoa hewa. Nikiweka simu chini, ile punje huwa imerudi kooni. Namwonea wivu mama yangu, anayejua maji yake yametoka wapi na shimo lake la choo limeishia wapi.