Tulipima Kutoka Ukuta wa Jirani

Nilimkuta mwanamke ameketi kwenye kiti cha plastiki, katikati ya chumba cha kulala nilichokichora mimi, anachambua sukuma wiki.

Nyumba haikuwa na paa bado. Kuta zilikuwa zimefika kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Mafundi wote walikuwa nje, wamenyamaza kama watu waliofika matangani.

"Samahani mama," nikamwambia. "Hapa ni mjengo. Huwezi kukaa hapa."

"Siwezi?" Akatupa shina la mboga sakafuni. "Msichana, karibu kwangu."

Akatoa hati ya ploti kwenye kiondo. Ploti ya sita, ya mwisho kwenye mstari. Mmiliki: Rachael.

Ploti ya mteja wangu ilikuwa ya tano.

Niliisoma ile hati mara tatu. Baada ya ya sita, ramani yake ilionyesha shamba la kahawa tu.

"Nawapa wiki mbili," akasema. "Mbomoe, mzoe mawe yenu, mniachie shamba langu vile lilikuwa."

Naitwa Ciku. Nilimaliza kusomea usanifu wa majengo miaka miwili iliyopita. Naishi Mwihoko, na nafanya kazi kwa Mzee Macharia, msanifu mwenye ofisi ndogo Thika mjini. Mimi nachora, yeye anapiga muhuri.

Mradi huu alinipa wote.

"Ni wako," aliniambia. "Kutoka wazo la kwanza mpaka siku ya kupeana funguo. Ukikwama, uniite."

Mimi nikaapa moyoni kwamba sitakwama.

Mteja alikuwa Nakhumicha, mpishi wa shule aliyestaafu. Sisi tulimwita Mama Maxine. Mumewe, Baba Maxine, alipata kiharusi, na sasa alikuwa kwa kiti cha magurudumu. Walikuwa wanapangisha Makongeni, orofa ya tatu, ngazi tu, hakuna lifti. Miezi kumi na moja mzee hakuwa amegusa ardhi, isipokuwa siku aliyobebwa na blanketi kupelekwa hospitali.

"Nichoree nyumba isiyo na ngazi," Mama Maxine aliniambia. "Hata ile moja ya mlangoni, sitaki."

Nilipima kile kiti. Nilipima viwiko vya mzee. Nikakaa kwenye kiti hicho asubuhi nzima, nikijaribu kufika jikoni, chooni, dirishani. Ndipo nikachora. Milango mipana. Dirisha la chini, ili mtu aliyeketi aone njia.

Mzee aliomba mchoro ubandikwe kando ya kitanda. Ulimi wake ulikuwa mzito. Nilipoenda kuwasalimia aliweka kidole kwenye karatasi na kusema neno moja.

"Mlango."

Kibali cha kaunti kilitoka. Tukaenda Kiganjo kuchimba msingi.

Asubuhi hiyo Owino, fundi wetu mkuu, aliniuliza, "Madam, savea ako wapi? Hatujaonyeshwa bikoni."

Bikoni ni vile vyuma vya mpaka ambavyo savea, mpima ardhi, huvizika kwenye kona za ploti. Nilitafuta kwenye nyasi, sikuona hata kimoja. Lakini kando yetu kulikuwa na ukuta wa mawe wa jirani mwenye ploti ya nne. Ukuta mzee, umenyooka. Upande ule mwingine ni vichaka tu hadi shamba la kahawa.

Nilimfikiria Mama Maxine na jinsi alivyobana kila shilingi. Nikasema, "Hakuna haja ya savea. Tutapima kutoka ukuta wa jirani."

"Una uhakika?"

"Ukuta umekaa hapa miaka yote, hakuna mtu amelalamika."

Owino akainua mabega. "Sawa. Wewe ndio injinia."

"Mimi si injinia."

"Basi wewe ndio hiyo ingine."

Mafundi wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sasa Rachael alikuwa ndani ya nyumba yetu na hati mkononi, na hakuna aliyecheka.

Nilipanda zile ngazi za Makongeni nikizihesabu. Hamsini na mbili. Nilimwambia Mama Maxine kuna shida ya mpaka, huenda tukabomoa. Sikumwambia ni nani aliyemkataa savea.

Akafunga mlango wa chumba cha mzee, akashuka ukutani mpaka akakaa sakafuni.

"Ciku, huyu nitamwambia nini? Jana ameitisha kinyozi. Anasema anajitayarisha kuhama."

Usiku ule sikulala, wala ule uliofuata.

Nikaenda kumwomba Rachael sokoni Madaraka, alipokuwa anauza nyanya. Siku ya kwanza alinitazama tu. Siku ya pili nikaanza kulia mbele ya wateja.

"Haiya! Unanililia mimi?" akasema. "Nimekaa kwa hii jua miaka tisa ndio nipate hiyo ploti. Huyo mzee wako ni mgonjwa, naskia uchungu. Lakini mimi nikienda kujenga, nijenge wapi? Hewani?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonimaliza.

Siku ya tisa ya zile wiki mbili nikaenda kwa Mzee Macharia na barua ya kuacha kazi. Nikamwambia yote, hata lile la savea. Hakunigombeza. Aliikunja barua mara mbili, akanirudishia.

"Rudisha hiyo barua kwa mfuko," akasema mwishowe. "Mtu hakimbii mjengo ukiwa kwa renta."

Kesho yake alinipa Kiama, mpima ardhi. Kiama alianzia barabarani, akiwa na chombo chake na jembe. Alichimba hapa, akachimba pale. Saa sita mchana alikaa juu ya jiwe akanitazama.

"Waite wenye ploti zote sita," akasema. "Na wabebe hati."

Wakaja. Rachael alikuja na maji ya kunywa, tayari kwa vita.

Kiama akamgeukia Mzee Njau, mwenye nyumba ya kwanza kutoka barabarani. "Mzee, hati yako inasema ploti ya kwanza?"

"Ndiyo. Na nimejenga hapo miaka kumi na miwili."

"Hapana. Umejenga kwa ya pili."

"Ati?"

"Ploti ya kwanza ni ile kona ya barabara. Pale mnapotupa taka."

"Ile ni ya serikali!"

"Ile ni yako, mzee."

Njau akashika kofia. "Ngai! Nimekuwa nikitupia majivu shamba langu?"

Kisha Kiama akaendelea. Auma, mwenye ploti ya pili, alikuwa amejenga kwenye ya tatu. Wa tatu kwenye ya nne. Wa nne kwenye ya tano. Na sisi, wa tano, kwenye ya sita.

Kila mmoja alikuwa amepima kutoka ukuta wa jirani.

"Kwa hivyo mimi sina mahali?" Rachael akauliza.

"Mkibadilishana hati, kila mtu akae alipojenga, iliyobaki ni ile kona. Ya barabarani."

Rachael akaigeukia kona. "Hapo mtu anaweza kuweka duka?"

"Hata mbili."

Njau akaruka. "Wee! Kona ni yangu, hati inasema. Na hii nyumba pia ni yangu. Sibadilishani!"

Mtu mmoja akikataa, nyumba ya Baba Maxine inaanguka.

Auma akapiga hatua moja.

"Sawa, mzee wangu. Chukua kona yako. Lakini hiyo nyumba yako iko kwa ploti yangu. Nakupa wiki mbili uitoe."

Watu wakaangua kicheko. Njau akamtazama Auma, akaitazama nyumba yake, akaitazama ile kona tena.

"Leteni kalamu," akasema.

Waliandikiana kwa wakili wiki ileile. Karatasi bado zinazunguka ofisi za ardhi, lakini wote sita wameshatia sahihi.

Watu wakaanza kunisifu. Owino akasema nina bahati. Mama Maxine akaniita mkombozi, na hilo sikuweza kulibeba. Tulimaliza paa, na siku ya kuhama nilimvuta kando, nikamwambia ni mimi niliyemkataa savea.

Aliweka chini sufuria aliyobeba.

"Ungeniambia siku ile, ningekutupa chini kutoka orofa ya tatu," akasema. "Na usinisaidie tena kwa kunificha ukweli."

Akarudi jikoni. Sijui kama amenisamehe.

Baba Maxine alifikishwa mlangoni. Akakataa kusukumwa. Akalishika gurudumu mwenyewe kwa mkono wake mmoja mzima, mtoto wao Maxine akimnyooshea kiti tu, akaingia. Akageuka, akatoka nje. Akaingia tena. Akatoka.

Hakuna aliyemwambia atulie.

Wewe uliyemaliza chuo juzi na una moyo wa kusaidia watu, sikia. Huruma haipimi ardhi. Mwite savea kabla ya jembe la kwanza. Na ukigundua mtaa mzima umekosea kama wewe, usishushe pumzi mapema. Kosa lako bado ni lako, na kuna mtu unapaswa kumwambia.